Idara ya Mtu Mmoja na Wakazi wa Hodhi

Idara ya Fikra za Kidini za Kihindi katika chuo chetu cha uhandisi ni mimi. Sijivuni. Nasema hivyo kama mtu aliyebaki peke yake kituoni anavyoweza kusema kwamba foleni ni yeye. Mimi ndiye mkuu wa idara, mimi ndiye mhadhiri mwandamizi, mimi ndiye mhadhiri msaidizi, na kikiitishwa kikao cha idara huwa nakubaliana na nafsi yangu, ingawa si kwa kura zote.

Chuo kiko katikati ya mashamba ya miwa, nje kidogo ya mji wa Sangli, magharibi mwa India. Kilijengwa na mwenyekiti wa kiwanda cha sukari, maana kwetu wenyeviti wa viwanda vya sukari wakizeeka hujenga vyuo vya uhandisi kama wazee wa kwingine wanavyofuga njiwa. Shamba lilikuwa la mama yake, Mjaini mcha dini, wa ile dini ya kale ya India, kama sisi wengi wa upande huu wa mto, naye alilitoa kwa sharti moja: katikati ya mashine zote hizo pawe na chumba ambamo mtoto wa watu atafundishwa kutoua. Mama akafariki, sharti likabaki, chumba nikapewa mimi, Jinappa Chougule, kijana wa wakati huo mwenye shahada ya uzamivu juu ya viumbe wadogo wasioonekana kwa macho, wanaoishi majini na udongoni, ambao dini yetu inatukataza kuwadhuru.

Viumbe hao niliwatetea kurasa nyingi sana. Nyumbani nawinda mbu kwa raketi ya umeme. Hufumba macho wakati wa kupiga, kwa kuwa wanazuoni wetu wanatofautisha dhara la kukusudia na lisilokusudiwa. Mke wangu Rohini anasema ndiyo maana sijawahi kumpata hata mmoja.

Somo langu huchukuliwa na wanafunzi waliochelewa kujiandikisha somo la Kijerumani. Wanakaa nyuma, chini ya feni. Nawafundisha kwamba ukweli una pande nyingi, na kwamba mwenye hekima hasemi neno lolote bila kulitangulizia "kwa namna fulani". Kwa namna fulani chungu kipo. Kwa namna fulani hakipo. Kwa namna fulani kipo na hakipo. Kanuni hii wanaipenda sana wakati wa mtihani.

Tungeendelea hivyo mpaka nistaafu, kama asingekuja Mkuu wa Chuo mpya, Dakta Nalawade, bingwa wa madaraja. Aliniita ofisini.

"Karibu, Mwalimu Chougule. Kaa. Chai?"

"Nishakunywa, Mkuu."

"Kunywa tena. Hivi chumba chako kina dirisha kubwa, eti?"

Hapo nikajua tunakokwenda. Mtu hasifu dirisha lako bure.

"Watu wa umeme wananililia," akasema. "Hawana pa kuweka betri. Sasa mimi, Mwalimu, sina ugomvi na dini. Kila asubuhi nafukiza ubani kabla sijagusa gazeti. Lakini mvua zikikatika kamati ya ithibati inakuja, na siku hizi wanataka utafiti wa pamoja. Biolojia na uhandisi, uhandisi na utamaduni, mchanganyiko kama wa pilau. Wewe unatafiti na nani?"

"Na vitabu, Mkuu."

"Vitabu havitii saini." Akanisogezea biskuti. "Kamati ikikuta mle ndani mtu na makabati tu, betri zinaingia. Usiogope, hatukufukuzi. Utakwenda kitengo cha ajira, uwafundishe vijana kufunga tai."

Rohini alipopata habari hakulia. Alikwenda sokoni akarudi na tai ya buluu.

"Ya nini hii?"

"Baba Sanmati, mimi nakufahamu," akasema. Sanmati ni binti yetu. "Kama utafundisha kuifunga, heri uanze kujifunza mapema."

Nikaitundika nyuma ya mlango wa idara. Kila nilipoufunga mlango iliyumba kidogo, kama kidole cha mtu anayeonya.

Mbele ya chumba changu, ng'ambo ya uwanja, iko karakana ya Hindurao Ghatge, mhandisi wa maji. Mhadhara wangu juu ya ukimya huwa unasindikizwa na mashine yake ya kukereza chuma. Ni mtu mkubwa, mwenye masharubu yanayomtangulia, na kila Jumatatu hunisimulia mchuzi wa mbuzi alioula Jumapili, kwa utaratibu, kuanzia kitunguu. Nilipoingia alikuwa chini ya pampu, miguu tu nje.

"Nani huyo? Loo, Bwana Mtakatifu! Umepotea njia? Huku kuna grisi."

"Nataka utafiti."

"Utafiti wa nini?"

"Wowote."

Akatoka uvunguni ili acheke vizuri. "Sasa umeanza kusema kama mwanasayansi!"

Alikuwa na chujio la maji la bei nafuu alilokuwa akilitengeneza kwa ajili ya vijiji, ambalo halikukamilika kwa sababu halikuwa na jina. Kutoka biolojia akajiunga Dakta Vaijayanti Karmarkar, mwanamke wa maneno machache, ambaye nadhani huyapima uzito kwanza. Mimi nikaleta jina, Maji Yasiyodhuru, na nikaleta wazo, na kwa ajili ya wazo hilo nikafanywa kiongozi wa mradi.

Wazo lilikuwa la mama zetu. Kijijini kwetu mama alikuwa akiteka maji kisimani, anafunika mdomo wa mtungi kwa kitambaa kilichokunjwa mara mbili, anachuja. Hapo kila mtu duniani angekung'uta kitambaa na kwenda zake. Mama hakukung'uta. Alikigeuza, akakisuuza taratibu kwa maji yaliyokwisha kuchujwa, kisha akayashusha maji hayo kwa ndoo mpaka usoni pa kisima, ili wale viumbe wadogo wasije wakaumia kwa kuanguka. Kisima kilekile, si kingine. Waliobaki kwenye kitambaa wana kwao, na kwao lazima warudishwe.

Kikao chetu cha kwanza kiligombana hapohapo.

"Chujio likijaa," Hindurao akaeleza, "tunasukuma maji kinyume, uchafu unakwenda mtaroni. Ndivyo yalivyo machujio yote."

"Huo si uchafu. Ni wakazi."

"Wakazi?"

"Na warudi walikotoka. Huo ndio moyo wa mradi, Hindurao. Ukiwamwaga mtaroni hili ni chujio la kawaida, na mimi navaa tai."

"Walitoka kwenye hodhi langu nyuma ya karakana."

"Basi warudi kwenye hodhi."

Akamgeukia mwenzetu. "Dakta Vaijayanti, wewe unasemaje?"

"Mimi nimeombwa kupima maji yanayotoka," akasema. "Yakitoka nitayapima."

"Haya," Hindurao akashika penseli. "Mtakatifu kasema. Mimi nachora bomba tu."

Hodhi lenyewe lilikuwa la saruji, lenye mfuniko wa bati. Nikaagiza mfuniko uondolewe, kwa kuwa haifai kumfungia mkazi mlango akiwa nyumbani kwake. Hindurao akauondoa, akaugeuza meza ya kulia chakula.

Msimu wote wa mvua mashine ilifanya kazi kwa namna iliyotutia kiburi. Maji yalitoka meupe. Vaijayanti aliyapima yalipotoka bombani, maana ndiyo aliyoombwa. Hindurao alitazama mishale ya kupimia nguvu ya maji, maana hiyo ndiyo inayompendeza. Mimi niliandika utangulizi. Tulikuwa na furaha, na katika muda wote huo hakuna hata mmoja wetu aliyechungulia hodhini. Kisa cha vipofu waliompapasa tembo nakifundisha kila mwaka, na kila mwaka huwa nashangaa watu wale walikuwaje wazembe kiasi kile.

Asubuhi ya kuja kamati, Mkuu wa Chuo alituamuru kuvaa "kiutamaduni". Nilikuwa nimejifunga shuka jeupe la hekaluni na kofia, nikitembea kwa hadhari ya mtu anayekumbuka kwamba amefunga fundo mwenyewe, nilipoona Vaijayanti amesimama mlangoni pa maabara yake ananiita kwa kidole.

"Njoo uangalie," akasema.

"Dakta, wageni wapo getini."

"Ndiyo maana nimekwambia njoo."

Aliniweka mbele ya hadubini. Nilifumba jicho lisilo sahihi, nikafumbua, nikafumba jingine. Kwanza niliona kope zangu mwenyewe. Halafu nikawaona.

Kulikuwa na mmoja kama kandambili inayoogelea, amezungukwa na vinyweleo vinavyopepea vyote pamoja, anafika kwenye kizuizi, anarudi nyuma, anafikiri, anapita upande wa pili. Kulikuwa na mwingine mwenye kitu kama magurudumu mawili kichwani, yanazunguka, na kila kinachopita karibu kinavutwa kinywani. Alikuwa wazi kama kioo, chakula kinaonekana kikishuka. Wengine kijani, wamefungamana kama shanga. Nilikuwa nimewatetea watu hawa tangu ujana wangu, na ndiyo kwanza tunaonana.

"Ni wazuri," nikasema.

"Ni wengi," akasema Vaijayanti. "Hayo si maji ya hodhini. Ni ya bombani. Ya wageni."

Nikainua kichwa.

"Umewahi kwenda kuliona hodhi?" akaniuliza. "Mimi nimetoka huko sasa hivi. Limekuwa mchuzi wa mchicha. Kila tukisafisha chujio tunawarudisha, wanazaana, tunawachuja tena, tunawarudisha tena. Na wewe ukawaondolea mfuniko, ukawapa jua. Wamekuwa wazito mpaka chujio limepasuka."

"Lakini mama yangu alifanya hivyohivyo miaka yote..."

"Mama yako alikuwa na kisima. Kina kina gani?"

"Kirefu. Mwisho wake hatukuujua."

"Na maji yanaingia chini, yanatoka, na samaki wamo?"

"Na kobe," nikasema.

"Basi." Akavua glovu moja. "Mimi nimeambiwa nipime, nimepima. Wewe ndiye kiongozi wa mradi. Wakinywa watalala chooni, labda na zaidi ya hapo. Ukisema, betri zinaingia. Sikuonei wivu."

Nilitoka nikaenda uwanjani kwa mwendo ambao shuka lile halikuruhusu. Chini ya turubai, Mkuu wa Chuo alikwisha kuwavisha wageni mashada ya maua. Mwenyekiti wa kamati alikuwa Profesa Wankhede kutoka Nagpur, mwanahisabati mstaafu, mwanamke mwembamba aliyevaa sari ya pamba na saa ya kiume. Kwetu mgeni hapewi chochote kabla ya maji. Na Mkuu wa Chuo, ambaye hana mpango mdogo, alikuwa ameamua maji hayo yatoke kwenye bomba letu, mbele ya mpiga picha.

"Hindurao," nikanong'ona, "zuia. Chujio limepasuka."

"Limepasuka wapi? Mshale uko sawa."

"Vaijayanti ameona. Maji yamejaa wakazi."

Masharubu yake yakashuka kidogo. "Wakazi wako au wakazi wangu?"

"Wetu. Mwambie Mkuu!"

"Nimwambie mimi? Jina la kwanza kwenye mradi ni la nani?"

Bilauri za chuma zilishagawiwa. Profesa Wankhede aliishika yake, akainua uso juu, akaiinua bilauri juu ya kinywa, kama wanavyokunywa watu wazima wa kwetu wasiopenda kugusisha midomo chombo cha watu. Ukinywa hivyo, baina ya bilauri na mtu kuna kitambo kidogo ambacho maji yapo njiani. Nikapaza sauti.

"Profesa, subiri!"

Akasita. Maji kidogo yakamdondokea kwenye shada la maua. Watu wote wakanigeukia, hata mpiga picha, na ile picha ninayo: mtu wa shuka jeupe, mkono juu, mdomo wazi, kofia imeinamia sikio.

Mkuu wa Chuo alicheka kicheko cha mtu anayekanyaga breki. "Mwalimu Chougule ni mwanafalsafa wetu, Profesa. Bila shaka anataka kuyatangulizia maji maneno mawili ya hekima."

Alinipa mlango wa kutokea, namshukuru. Ningeweza kusema shairi.

"Maji haya yana nini?" akauliza Profesa Wankhede.

"Kwa namna fulani, Profesa, ni maji safi," nikasikia sauti yangu ikianza. "Kwa namna fulani si safi. Ukiyatazama kwa upande wa nia ya waliotengeneza..."

"Nimekuuliza yana nini."

Nilitazama upande wa chumba changu. Mlango ulikuwa wazi na ile tai ya buluu ilionekana mpaka pale nilipo. Nikamkumbuka yule mwenye magurudumu kichwani, akizungusha, hana habari na kamati yoyote.

"Hayanyweki," nikasema.

Wote walinisikia. Hata mashine ya kukereza ilikuwa imezimwa kwa heshima ya wageni, kwa mara ya kwanza tangu niajiriwe.

"Yananyweka!" akaruka Hindurao. Akamwona Vaijayanti amesimama nyuma ya turubai, mikono kifuani, anamtazama. Akashusha pumzi. "Kwa namna fulani."

Profesa Wankhede akairudisha bilauri kwenye sinia. "Nani ameona kwamba hayanyweki?"

Vaijayanti akasema, "Njoo nikuonyeshe, Profesa."

Wakaondoka wawili hao, na kamati yote nyuma yao, na mpiga picha. Mkuu wa Chuo alibaki na nazi mkononi, aliyokuwa aivunje kwa uzinduzi. Hakunitukana. Aliniambia tu, polepole, "Mwalimu, ukitaka kufunga tai, fundo linaanzia kulia."

Mimi sikuwa na la kufanya, kwa hiyo nikafanya lililokuwepo. Nikachukua sinia la bilauri, nikalibeba hadi nyuma ya karakana, nikapiga magoti kando ya hodhi, nikayamimina maji yote humo, bilauri moja baada ya nyingine, mdomo wake ukiwa umegusa uso wa maji wasije wakaumia. Ndipo nilipoliona hodhi. Lilikuwa kijani kibichi, na katikati ya ukijani huo lilikuwa limetulia kabisa. Wanafunzi wawili wa uhandisi walipita.

"Chougule Sir anaosha vyombo," mmoja akasema.

"Yule ni idara nzima, wewe. Hana wa kumtuma."

Profesa Wankhede alinikuta hapo, bado nimepiga magoti, kwa sababu fundo la shuka lilikuwa limelegea na sikuwa na hakika ya kusimama. Alikuwa amekaa kwenye hadubini mpaka chai ya wageni ikapoa, na jicho lake la kulia lilikuwa na duara jekundu.

"Nimehesabu vitu maisha yangu yote," akasema. "Wale hawahesabiki, hawatulii." Akatazama hodhini. "Kwa nini ulisema? Mkuu wako alishakupa mlango."

"Ungeharisha, Profesa. Na wao wangekufa."

"Uliwaza hivyo kwa mpangilio huo?"

Kwa mara ya kwanza katika maisha yangu ya kazi, kanuni ya dini yangu ya "kwa namna fulani" ilikuwa ndilo jibu sahihi, nami nikaona haya kulitumia.

"Hapana," nikasema. "Wao kwanza."

Akacheka bila sauti, akanipa mkono nisimame, nikasimama kwa mkono mmoja, wa pili ukiwa umeshika shuka.

Taarifa ya kamati ilipofika haikulitaja chujio hata kwa jina. Ilisema kwamba hodhi la karakana ni mkusanyiko wa viumbe wa maji usiopatikana kirahisi, kwamba limetokana na juhudi za pamoja za biolojia, uhandisi na fikra za kidini, na kwamba lisivurugwe, bali lihamishiwe mahali penye mwanga wa kutosha, chini ya idara hizo tatu, na idara hizo zisifungwe. Neno "juhudi" nililisoma mara kadhaa. Mkuu wa Chuo alilisoma kwa sauti kwenye mkutano wa walimu wote, akinipigia makofi ya vidole viwili, halafu akaniita ofisini.

"Chai, Mwalimu?"

"Nishakunywa, Mkuu."

"Lile dirisha lako," akasema.

Kwa hiyo idara haikufungwa. Iliongezewa wakazi. Makabati mawili ya vitabu yalitoka, na mahali pake Hindurao akajenga hodhi la kioo, kubwa kama kitanda cha harusi, lililoingia mlangoni kwa kung'oa mlango. Chumba kinanuka mto wakati wa kiangazi. Vaijayanti huja kuchukua sampuli katikati ya mihadhara yangu. Wanafunzi wa nyuma wamehamia mbele, na nilipoanza kufurahi nikagundua kwamba wanamtazama mwenye magurudumu kwenye skrini ambayo Vaijayanti ameiunganisha na hadubini. Kwenye makala aliyoandika juu yao mimi ni jina la tatu. Hindurao ni la pili, kwa bomba.

Maji ya kwenye kioo hupungua kwa joto, na kuyajaza ni kazi yangu. Nimeileta nguo ya mama, ile ya kuchujia, naikunja mara mbili mdomoni pa bomba la manispaa na kuifunga kwa tai ya buluu, ambayo kwa kazi hiyo ni bora kuliko kamba. Rohini aliiona akasema afadhali imepata shingo.

Ila kuna jambo halijatulia. Kila nikimaliza, kitambaani hubaki chochote: chembe, uzi, na bila shaka mkazi mmoja au wawili. Hao hawakutoka hodhini, wametoka bombani, na sheria iko wazi kwamba warudi walikotoka. Jumatatu nilimweleza Hindurao, akiwa amefika kwenye kitunguu.

Akaacha kusimulia. "Warudi ndani ya bomba? Na maji yanakuja kwa kasi vile?"

"Taratibu, wasije wakaumia."

Akavuta masharubu, akatazama dari, akaomba penseli. Ameanza kuchora.